Mahali pa Maziwa

Nilikwenda Kakiika, kando ya mji wa Mbarara, kumrudisha mke wangu nyumbani, nikaishia kwenye jumba la wafalme wa Ankole. Sikuwa nimepanga hivyo. Nilipanga siku mbili tu: siku ya kwanza kumsalimu mkwe wangu na kumtazama mjukuu, siku ya pili kupanda gari la kurudi kwetu kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, mimi na mke wangu na mabegi yake. Nilivaa koti langu la kanisani na kunyoa ndevu. Wakati ule niliamini kwamba mwanamume aliyenyoa vizuri na kupanga maneno yake hakosi anachokitaka.

Mke wangu alikuwa ameondoka zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, kwenda kumlea binti yetu aliyejifungua. Kwa desturi yetu mama hukaa kwa binti wiki chache, amkande kwa maji ya moto, ampikie uji, kisha arudi kwake. Wiki zikawa miezi. Mtoto akaota meno, akasimama, akatembea. Kule kambini watu waliniuliza kila Jumapili, "Mama anarudi lini?" Nami nilijibu kwamba bado analea. Mwishowe mzee mwenzangu mmoja, jirani yangu mwenye ulimi mkali, akaniambia nje ya kanisa, "Mwenyekiti, ule mutoto sasa ni yeye atakuya kukulea weye." Watu wakacheka. Kesho yake nikapanda gari.

Waliniita mwenyekiti kwa sababu niliongoza kijiji chetu pale Nakivale kwa miaka mingi. Nilichaguliwa kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Nilifika mwaka wa nne wa sekondari kule Kivu Kusini, Kongo, kabla shule haijafungwa kwa ajili ya vita, na kwa watu waliokimbia na ng'ombe wao wakanyang'anywa njiani, mtu anayeweza kuandika barua kwa Kifaransa alikuwa mtu mkubwa. Nami nilikubali haraka kwamba mimi ni mkubwa. Hilo ni kosa langu la kwanza, na mengine yote yalizaliwa na hilo.

Sisi ni wafugaji wa milima iliyo juu ya Uvira. Tulifika Uganda miaka michache baada ya mwaka elfu mbili kuingia. Tulipokelewa Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, tukaandikwa, tukalala kwenye hema kubwa pamoja na familia nyingine, kisha tukapewa kiwanja na turubai. Mimi nilibeba vyeti vyangu vya shule ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wangu alibeba mtoto mbele, na mgongoni alibeba vyombo vitatu vya mbao vya maziwa. Kimoja alipewa na mama yake siku ya kuolewa, na mama yake alikuwa amepewa na mama yake. Njia nzima nilimwambia avitupe apunguze mzigo. Hakunijibu, na hakuvitupa.

Nyumba yetu ya kwanza ilipokauka, kabla hata hatujapata kitanda, alifanya jambo ambalo kila mwanamke wa kwetu hulifanya. Kwenye ukuta unaotazamana na mlango alijenga jukwaa dogo la udongo, urefu wa goti, akalisiriba kwa udongo mweupe na samadi mpaka likawa laini kama shavu. Kwa lugha yetu tunaliita uruhimbi. Ndipo vyombo vya maziwa hukaa, vimefukizwa kwa moshi wa nyasi, na vifuniko vyake vya kusuka juu. Hakuna kitu kingine kinachowekwa pale. Si sufuria, si taa, si Biblia. Mgeni akiingia macho yake hufikia pale kwanza, na kwa kupatazama hujua nyumba hii ni ya watu gani.

Hatukuwa na ng'ombe hata mmoja. Samadi aliomba kwa wenyeji, ng'ambo ya mashamba. Kila Jumamosi alisiriba upya jukwaa lile, akafuta vyombo vitatu vitupu, akavipanga. Nilimtazama na nikaona haya kwa niaba yake.

Sasa nieleze nilivyolibomoa.

Wakati huo watu wa kambini walikuwa na neno moja mdomoni: kuondoka. Familia moja ilikuwa imechukuliwa kwenda kuishi nchi ya mbali yenye baridi, halafu nyingine, na kila mtu akaanza kuishi kama abiria. Mimi nilikuwa wa kwanza. Nilimkataza mke wangu kupanda parachichi kwa sababu tusingekuwapo litakapozaa. Nilikataa kubadilisha turubai kwa mabati. Alipotaka kujenga jiko nyuma ya nyumba nilimwambia asubiri, tunaondoka.

Siku moja kipaza sauti kikapita kikitangaza kwamba wageni kutoka ofisi ya wakimbizi wangepita nyumba kwa nyumba kuhakiki hali za watu. Kijiji kizima kikaingia kazini. Wenye mbuzi waliwapeleka kwa wenyeji. Wenye magodoro waliyakunja na kuyafunika kwa majani ya migomba. Yule jirani yangu alisimama njiani akisema, "Mwenyekiti, fundisha na kuku zako kukohoa, baone kama nazo ziko na njaa."

Mke wangu alikuwa ameenda kuvuna shambani kwa dada yake. Niliingia ndani nikasimama mahali ambapo mgeni angesimama, nikatazama anachoweza kuona. Nikaona uruhimbi. Nikawaza: hawa watu wameishi huku Ankole kwa wafugaji, wanajua jukwaa hili ni la nini. Wataandika kwamba sisi ni wenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe si maskini, na asiye maskini haendi popote. Nilichukua jembe. Udongo ule ulikuwa mgumu kuliko nilivyodhani, maana ulikuwa umesiribwa mara nyingi sana. Nilipomaliza nilisawazisha ukuta kwa mkono, nikaweka pale meza na karatasi zangu. Vyombo vya maziwa nilivitia ndani ya gunia nikavificha katikati ya mahindi nyuma ya nyumba.

Wageni walikuja kesho yake. Walisimama nje. Walitazama kadi, wakauliza tuko wangapi, mmoja akaomba maji ya kunywa, wakaenda. Hawakuinama kuingia mlangoni.

Mke wangu alikuwa amelala kwa dada yake usiku ule, upande wa pili wa ziwa la Nakivale. Aliporudi nilimpokea na maelezo tayari. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa maziwa ikikuya itakaa wapi?"

"Maziwa gani?" nikasema. "Tuko na ng'ombe?"

Aliokota mabonge ya udongo yaliyobaki, akayabeba kwa kitenge chake mpaka shambani. Hatukulizungumza tena. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo kabla sijakumbuka gunia, na nilipolifungua, chombo cha mama yake kilikuwa kimepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Nilimwambia kwamba mbuzi wa jirani walikikanyaga. Uongo huo niliuishi miaka minane.

Nchi ya baridi haikutuita. Binti yetu alikua, akaolewa na kijana wa kwetu aliyekuwa akichunga ng'ombe wa mwenyeji mmoja wa Kakiika na ambaye baadaye alipewa mtamba wake mwenyewe. Mke wangu akaenda kulea. Na sasa nilikuwa nimesimama kwenye ua wa mkwe wangu, nimenyoa ndevu.

Mke wangu alinisalimu vizuri. Alikuwa amenenepa kidogo, na alitembea uani kama mtu anayejua kila kitu kiko wapi. Nilianza hotuba yangu kabla sijamaliza chai. Nilizungumza juu ya nyumba inayohitaji mwenyewe, juu ya kanisa, juu ya heshima. Aliniacha nifike katikati.

"Papa," akasema, maana ndivyo anavyoniita, "ile maneno tutaiongea. Lakini kesho utanipeleka kwanza Kamukuzi, mu nyumba ya mwami wa hapa. Bamama benye kununua maziwa banasema iko fasi ya kutazama. Mwaka muzima niko naona ile kilima, sijafika."

Nilifurahi. Nilidhani ameanza kulegea. Tena nilijiona niko kwenye uwanja wangu, kwa maana mambo ya wafalme niliyasoma. Kitabu chetu cha historia kilikuwa na picha za majumba ya wafalme wa Ulaya, yenye minara na mahandaki ya maji, na mwalimu wetu alitufanya tukariri ni nani aliyejenga lipi. Jioni ile niliwaeleza mke wangu na binti yangu maana ya shato, jumba la kifalme kwa Kifaransa. Niliwaambia wategemee mawe makubwa, malango ya chuma, pengine mizinga.

Binti akauliza, "Papa, ulishafika kule?"

"Sijafika," nikasema, "lakini zote ni sawa."

Asubuhi tulipanda bodaboda mbili. Kilima cha Kamukuzi hakiko mbali na katikati ya mji wa Mbarara. Chini unaacha maduka na kelele, juu kuna upepo na miti. Boda zilitushusha mbele ya majani marefu. Niliangalia huku na huku nikitafuta minara. Palikuwa na nyumba ya matofali ya kizamani, kubwa lakini si kubwa ya kutisha, imechakaa, mabati yake yameshika kutu, na madirisha mengine yamebaki matundu. Shomoro walikuwa wakiingia na kutoka.

"Njo hii shato?" mke wangu akauliza.

"Imeharibika," nikasema.

"Hata ikiharibika. Mizinga iko wapi?"

Mama mzee mmoja alikuwa akipalilia viazi vitamu karibu na ukuta. Aliinuka, akafuta mikono kwenye gauni lake, akaja kutusalimu. Alikuwa ndiye anayepaangalia mahali pale, kwa mazoea zaidi kuliko kwa mshahara, alivyotuambia mwenyewe. Nilimsemesha Kiswahili, naye akajibu huku akicheka, akiniita ssebo, yaani bwana. "Ssebo, Swahili yangu ni ya barakisi. Bwana yangu alikuwa askari. Najua kusema 'simama hapo' na 'leta chai'. Nikikosea, usinifunge."

Alitutembeza. Alisema zamani mfalme wa Ankole hakukaa kwenye kilima kimoja. Mfalme akifa, jumba lake linaachwa liote majani, na mfalme mpya anajenga kwingine, kwa miti na nyasi, watu wote wanahama naye pamoja na ng'ombe. Ndiyo maana ukitafuta majumba ya wale wa kwanza hupati hata ukuta. Wazungu walipokuja walitaka mfalme anayepatikana mahali pamoja, penye barabara. Basi akajengewa matofali hapa.

"Kwa hiyo hili ndilo jumba la mwisho," nikasema, nikitaka ionekane kwamba nafuata.

"La mwisho, ndiyo. Miaka ya sitini ufalme ulifutwa. Mfalme akaenda kukaa kama mtu wa kawaida, na mimi nilimwona. Vitu vingine vilichukuliwa, vingine vilipotea tu. Falme nyingine baadaye zilirudi. Hii bado tunangoja, na wengine hawangoji."

Alisema hayo bila uchungu, kama mtu anayesimulia mvua za mwaka fulani. Alituonyesha vyumba. Hapa walikaa wageni wa mbali. Hapa mfalme aliketi na karani wake. Mke wangu alitazama kwa adabu, lakini niliona hapati alichokuja kutafuta. Mimi nilijaza kila ukimya kwa elimu yangu. Kila mama yule alipopumua, nilieleza jambo juu ya wafalme kwa jumla.

Kisha tulitoka nyuma. Pale majani yalikuwa mafupi, na katikati yake palikuwa na mwinuko mdogo wa udongo, kama kaburi la mtu mnene. Mke wangu alisimama ghafla. Mama yule alikuwa bado hajasema neno.

"Hii ilikuwa madhabahu," nikasema kwa sauti ya mwalimu. "Hapa walitoa sadaka kwa miungu yao."

Mama mzee akanigeukia. "Mzee, wewe ulisoma wapi?"

"Kongo."

"Na huko Kongo wanakunywa maziwa kwenye madhabahu?" Alimgeukia mke wangu, akamwita nyabo, yaani mama. "Nyabo, mwambie bwana yako hii ni nini."

"Ni uruhimbi," mke wangu akasema.

"Sisi tunasema orugyegye. Ni kitu hicho hicho."

Kuanzia hapo waliongea wao wawili, huyu kwa Runyankore, huyu kwa lugha yetu, na lugha hizo ni ndugu kiasi kwamba hawakuhitaji mkalimani. Mimi nilisikia kila neno, lakini hakuna aliyeniuliza lolote. Mama mzee alisema mfalme alikuwa na nyumba ya matofali kwa ajili ya Wazungu na nyumba ya nyasi kwa ajili ya maziwa. Nyumba ya nyasi ilisimama hapa. Shangazi yake alikuwa mmoja wa wanawake wa maziwa. Kazi yake ilikuwa kufukiza vyombo na kusiriba jukwaa. Ufalme ulipofutwa na ng'ombe kuondolewa, wanawake wengine walirudi makwao. Shangazi akaendelea kuja. Kila juma alipanda kilima na udongo mweupe kwenye kikapu, akasiriba jukwaa lisilo na chombo. Watu walimcheka. Paa lilipoanguka, alisiriba kwenye jua. Alipozeeka, mama yule mwenyewe alimshika mkono kumpandisha.

"Nilimuuliza, shangazi, unasiriba kwa ajili ya nani? Akaniambia, mtu hasiribi kwa sababu maziwa yapo. Anasiriba ili ajue bado ana nyumba."

Upepo ulivuma kidogo. Mke wangu aliinama, akagusa udongo ule kwa vidole viwili, akavinusa. Kisha mama mzee akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwao au wa kwetu angeuliza. "Na wewe, nyabo, yako iko wapi?"

Mke wangu aliinuka. Alijifuta vidole kwenye kitenge. "Ile mumuulize huyu," akasema.

Walinigeukia wote wawili. Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema vita, au ukimbizi, au turubai lililovuja. Ningeweza kusema wageni wa ofisini. Nilifungua mdomo nikiwa na nia ya kusema hilo la mwisho, na nikaona kwamba hao wageni hawakuwahi hata kuingia nyumbani kwangu.

"Niliibomoa mimi," nikasema. "Kwa jembe."

"Kwa nini?"

Nikaeleza. Nilieleza yote, uhakiki, kadi, jinsi nilivyosimama mlangoni nikatazama kwa macho ya mgeni. Mama mzee alisikiliza akiwa ameweka mkono mdomoni, na nilipofika mwisho mabega yake yalianza kutikisika.

"Ssebo, mnisamehe. Basi wewe ulificha ng'ombe ambao huna?"

"Ndiyo."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Mke wangu alijizuia, kisha naye akashindwa. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Kivu. Nilisimama kati yao na koti langu la kanisani, na nilitaka kukasirika, lakini hasira haikupata pa kushika. Ilikuwa kweli. Niliwaficha ng'ombe ambao sina, nikavunja nyumba yangu ili kuwaficha.

Walipotulia niliona kwamba kama sitasema sasa lile lililobaki, sitalisema tena. "Kuna lingine," nikamwambia mke wangu. "Chombo cha mama yako. Haikuwa mbuzi. Nilikiacha ndani ya gunia kwenye mvua, siku mbili. Nilikisahau. Kisha nikakudanganya."

Hakushangaa. "Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Ile siku. Mbuzi inakanyanga chombo, inavunjika vipande. Hii ilipasuka musitari moja, mbao ilikuwa imevimba. Mama yangu alinifundisha kutunza mbao, Papa. Maji na jua njo inafanya vile."

"Kwa nini hukusema?"

"Haikuwa yangu kusema. Nilikuwa nangoya uiseme weye."

Miaka minane alinipikia, alinifulia, alikaa karibu nami kanisani, akingoja sentensi moja. Na mimi niliandika barua za kijiji kizima kwa Kifaransa.

Mama mzee alitupa viazi vitamu vya kubeba. Kwangu mimi alisema jambo moja tu wakati wa kuagana, "Mzee, shule ni nzuri. Lakini uliza pia." Nilimwahidi.

Tulishuka kilima kwa miguu. Niliona moyo mwepesi, na kwa kuwa mimi ni mimi, wepesi ule niliugeuza haraka kuwa ushindi. Nimekiri, nikawaza, basi yamekwisha. Tulipofika kwenye lami nikasema, "Sasa turudi nyumbani. Gari la mchana bado liko."

"Hapana," akasema.

"Nimeomba msamaha."

"Nimekusamehe. Lakini Nakivale sirudi." Aliendelea kutembea, kwa hiyo ilinibidi kutembea ili nisikie. "Kule nilikaa miaka mingi kama mutu mwenye kungoya gari mu barabara. Usipande muti, tunaenda. Usijenge jiko, tunaenda. Niko muzee sasa. Sitaki tena kwenda. Hapa nilipanda avoka, ile parachichi ulikataza, nilisiriba, niko na fasi. Ukitaka bibi yako, weye njo ukuye."

"Nije nikae kwa mkwe?"

Alijua uzito wa jambo hilo. Kwetu baba mkwe akitembelea ua wa binti yake hutandikiwa mkeka, hupewa chakula, na kabla hajazoeleka huaga. Kukaa pale, kulala pale, kuonana na mkwe wako asubuhi akiwa na mswaki mdomoni, ni jambo ambalo watu huliimba kwenye harusi ili kuchekesha.

"Sikusema kwa mukwe," akajibu. "Jirani iko na nyumba ya chumba mbili. Tutalipa na maziwa. Niliisha kumuuliza."

"Ulimuuliza lini?"

"Zamani."

Nilirudi Nakivale peke yangu. Nitasema kweli: kwa wiki mbili za kwanza nilikuwa na uhakika kwamba atabadilika. Wiki ya tatu nilianza kutazama nyumba yangu kama nilivyotazama lile jumba la matofali. Hapa alikaa mwenyekiti. Hapa aliweka karatasi zake. Palikuwa na meza mahali ambapo hapakupaswa kuwa na meza, na hakuna mtu aliyekuwa amekuja kuketi pale kwa muda mrefu. Barua siku hizi vijana waliziandika wenyewe, kwa Kiingereza, kwenye simu. Hiyo nchi ya baridi nilikuwa nikiingojea kwa ajili ya nani?

Jumapili ya nne nilisimama kanisani wakati wa matangazo. Nilisema naacha uenyekiti na nahamia Kakiika. Nilisema mke wangu amekataa kurudi, na kwamba ana haki, na nikaeleza sababu, yote, pamoja na jembe. Wanawake waliwageukia waume zao. Wanaume waliangalia viatu vyao, maana wengi wao siku ile ya wageni walikuwa na majembe yao, na vitu vyao vya kuficha. Yule jirani yangu hakuweza kujizuia. "Kumbe mwenyekiti ameolewa," akasema kutoka benchi la nyuma.

"Nimeolewa," nikamjibu. "Ukitaka kuja kula harusi, karibu."

Baadaye nje alinishika mkono kwa muda mrefu. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kweli inawezekana kupata chumba kule.

Ofisini nilieleza kwamba naondoka. Kiwanja akapewa mama mmoja mjane na watoto wake waliokuwa bado wanangoja Kabazana. Nilijua ninachoacha. Mjini hakuna posho ya wakimbizi, na ukiugua unajitafutia. Niliwaachia meza. Nilikodi gari dogo la mizigo, nikapakia kitanda, godoro, sanduku la karatasi zangu na jembe.

Mke wangu alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya vyumba viwili na ufunguo mkononi. Mkwe wangu alitaka kuja kusaidia kushusha; mke wangu alimzuia kwa ishara ya kichwa, ili nisione aibu. Tulishusha kitanda wenyewe, wazee wawili, tukipumzika mara mbili kati ya gari na mlango.

"Uliwaambia nini kule?" akauliza.

"Yote."

"Na ya chombo?"

"Na ya chombo."

"Bakasema nini?"

"Walicheka. Wamesema nimeolewa."

Aliliwaza hilo kidogo, ameshika mguu wa kitanda. "Bacheke," akasema. "Shika upande ile. Tukiingiza hivi, mulango haitafunga."

Niligeuza kitanda alivyotaka, kikaingia.